Kuishi kwa RV Marekani: Keja Iko na Tairi, Lakini Kanjo Wao Bado Anajua Umelala Wapi

Umeziona hizo video. Msee wa Marekani ako ndani ya basi imegeuzwa nyumba, asubuhi anafungua mlango wa nyuma na mbele yake ni bahari, anakaanga mayai, paka amelala juu ya dashibodi. Chini watu wanaandika eti wamechoka na malandilodi, wananunua gari wahame. Na wewe pale kwa bedsitter ya Roysambu, ukikumbuka keateka atabisha tarehe tano, unaona huyo msee ametoboa maisha.

Kitu video haikuonyeshi ni usiku. Hiyo gari inapaki wapi, nani amekubali ipaki hapo, na kwa siku ngapi? Hapo ndio stori yote iko. Gari ni ile ile, kitanda ni kile kile, lakini ukisongeza tairi kilomita moja unaweza toka kuwa mtalii ukawa mpangaji, ama ukawa mtu wa kupigwa faini. Kama uko na cuzo huko majuu anayepiga hesabu ya kuachana na rent aingie RV, mtumie hii kabla alipe deposit.

RV ni kifupi cha maneno ya Kizungu ya "gari la burudani". Kuna zile ziko na injini unaendesha mwenyewe kama basi, na kuna matrela ya kuvutwa na pickup. Nyingi zinaundwa jimbo la Indiana, hasa pande za Elkhart, mji unaojiita makao makuu ya RV duniani. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinasema RV isizidi futi mraba 400, yaani kama mita mraba 37, na iwe imeundwa kwa ajili ya matembezi, kupiga kambi na kukaa kwa muda. Si makao ya kudumu.

Hiyo sentensi ya mwisho, ishike vizuri. Wamarekani wako na nyumba zingine zinazotoka kiwandani zikiwa kwa magurudumu, na hizo zinahesabika kuwa nyumba kamili: kuanzia 15 Juni 1976 kuna viwango vya kitaifa vya vile zinaundwa. RV haiko kwa hicho kikapu. Kisheria, mtu wa RV haishi pale. Ako safarini. Hata kama huko "safarini" ako mwaka wa sita, watoto wanaenda shule ya hapo na amepanda sukuma kando ya tairi.

Sasa ukweli ni kwamba kuna watu wengi wanaishi humo kabisa. Wazee wa pensheni, mafundi wa mjengo wanaofuata kazi, manesi wa mkataba wanaozungushwa hospitali hadi hospitali, familia ambazo rent ya mji imewashinda. Sheria inaangalia gari la burudani, na ndani kuna mtu amevua viatu, ako kwake. Karibu kila vita ya kambi za RV inatoka kwa hilo pengo.

Nani ndiye kanjo hapa

Usitafute sheria moja ya Marekani nzima, haiko. Washington haijui umepaki wapi Texas na haijali. Jimbo linaweka mambo ya msingi kama afya, stima na moto. Halafu kaunti ama jiji ndio wanaamua kama kambi itakuwepo, ikae wapi, iwe na nafasi ngapi na mtu akae muda gani.

Hii nguvu ya baraza la mtaa ilipewa muhuri na Mahakama ya Juu mwaka wa 1926, kwa kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio. Kampuni moja ya mashamba ilikuwa imeshtaki kijiji kwa kuipangia vile itatumia ardhi yake. Mahakama ikasema sawa, baraza linaweza chora ramani likasema hapa ni nyumba, hapa ni maduka, hapa ni viwanda. Tangu hapo, karibu kila mji Marekani uko na ramani yake, na ukifungua nyingi ya hizo ramani utapata kambi ya RV imewekwa upande wa biashara, pamoja na hoteli na moteli. Pale pa nyumba za watu, zii. Mara nyingi mwenye shamba lazima aombe ruhusa maalum, na ruhusa maalum inamaanisha kikao cha hadhara.

Hapo ndio drama huanza. Majirani wanajaza ukumbi. Mmoja anaongea kuhusu magari kujaa barabarani, mwingine maji taka, mwingine bei ya nyumba yake kushuka. Maswala mengine ni ya maana. Lakini ukisikiliza hivi vikao vya kutosha, utagundua kuna sentensi inazungukwa bila kutajwa: hatutaki watu hohehahe hapa. Kambi ileile ikiitwa "risoti", na iko na swimming pool, kelele hupungua ghafla.

Wacha nisiwaonee. Kambi ya RV si kufungua shamba tu uanze kukusanya ganji. Kila nafasi inataka stima, kawaida soketi ya ampea 30, na zile RV kubwa zinataka ampea 50. Inataka maji safi. Inataka njia pana ya gari la zimamoto kuingia na kutoka. Na inataka mahali pa uchafu kwenda, kwa sababu RV iko na matangi mawili: tangi jeusi la choo, tangi la kijivu la sinki na bafu. Weka RV hamsini kwa shamba moja bila mpango wa hayo matangi, na kisima cha jirani hapo chini ndio kitakuambia matokeo. Kama ushaishi ploti ambayo shimo la choo limejaa na landilodi hashiki simu, hauhitaji maelezo zaidi.

Texas ni kesi ya kivyake. Kaunti za huko kwa ujumla hazijapewa nguvu ya kugawa ardhi kwa matumizi. Shamba likiwa nje ya mipaka ya jiji, kaunti haiwezi kukuambia "hapa si mahali pa kambi". Kitu inaweza ni kukubana kwa barabara, mafuriko na maji taka. Ndio maana kambi huko huota haraka, hasa pande za magharibi ambako kazi ya mafuta ikiwaka wanaume wanakuja na matrela yao kwa wingi. Ni rahisi kupata nafasi. Lakini jirani yako anaweza kuwa mtambo, na hakuna wa kumlalamikia.

Siku ya 30

Tuingie kwa ngori yenyewe. Kitu cha maana kuliko zote kwa sheria za kambi za RV ni kalenda.

Chukua California, kwa sababu sheria yao imeandikwa wazi. Ukiingia kambi, siku 30 za kwanza wewe ni mgeni. Ukivunja masharti ama usipolipa, mwenye kambi anaweza kukupa notisi ya masaa 72 na gari lako litolewe. Siku tatu, kwisha. Ukipita siku 30 mfululizo, unapanda cheo, sasa ni mpangaji. Bado anaweza kukuambia uende bila kukupa sababu, lakini lazima akupe notisi ya maandishi ya siku 30. Ukifikisha miezi tisa, sheria inakuita mkazi. Hapo akitaka utoke lazima akupe siku 60, na awe na sababu inayokubalika kisheria. Hawezi amka tu na mguu mbaya akuambie toka.

Soma hiyo tena ukiwa kwa viatu vya mwenye kambi. Siku ya 29 ako na nguvu zote. Siku ya 31 zimepungua. Sasa unafikiri atafanya nini?

Atakuambia utoke siku ya 28. Ukae nje usiku mmoja ama mawili, urudi, uandikishwe upya, kalenda ianze sifuri. Wakati mwingine hata huendi mbali, unasongeshwa tu kutoka nafasi namba 12 hadi namba 30. Huu mchezo ulianza zamani kwa mahoteli ya bei ya chini ambako watu wanaishi mwezi baada ya mwezi, na California ishaweka sheria dhidi yake. Lakini msee ambaye hajui hiyo sheria iko, na hana ganji ya wakili, anafunga virago vyake tu, anachomoa stima na maji, anatafuta pa kulala hizo siku mbili. Kama gari lenyewe haliwaki, na mengi ya hayo makuukuu hayawaki, analipa breakdown imvute.

Na si mwenye kambi peke yake anapenda kalenda fupi. Kaunti pia iko na hesabu yake. California, mtu akilala mahali siku 30 ama chini, jiji ama kaunti inaweza kumtoza kodi ya wageni, ile ya mahoteli, na nyingi zinaitoza hata kwa nafasi za RV. Mgeni akigeuka mkazi, hiyo kodi inaisha, halafu mtoto wake anahitaji shule. Kwa hivyo ukiona baraza limeandika "hakuna kukaa zaidi ya siku 30" ama 90 ama 180, na sababu waliyoweka ni kulinda "hali ya utalii" ya eneo, jua mahali pengine kwa hiyo ofisi kuna mtu na calculator.

Si kusema muda mfupi hauna utetezi. Kambi ya kando ya bahari ikijaa watu wa kudumu, familia ya kawaida inayotaka wikendi moja ya bei nafuu haipati nafasi, na ufuo unabaki wa wenye hoteli. Hilo ni la kweli. Shida ni pale mji unazuia kukaa muda mrefu kwa kambi, halafu haujengi nyumba za bei ya chini mahali pengine popote. Watu hawayeyuki. Wanaenda kupaki barabarani.

Barabarani, karibu na Google

Mountain View, California, ndiyo nyumbani kwa Google. Mishahara huko ni ile ya kukufanya uketi chini kwanza. Rent pia. Miaka ya 2010 ikielekea mwisho, mitaa ya huo mji ilikuwa na RV zimepangana kando ya barabara, na ndani wengi walikuwa watu wa kazi: wapishi, watu wa mjengo, wanaosafisha maofisi.

Baraza likapitisha marufuku 2019: gari kubwa lisipaki kwa barabara yenye upana wa futi 40 au chini, kama mita 12. Wapinzani wakakusanya sahihi, ikapelekwa kwa kura. Novemba 2020 wapiga kura wakaikubali.

Angalia vile ilivyoandikwa. Hakuna mahali imesema "watu wa RV watoke". Imesema gari lolote linalozidi futi 22 kwa urefu, ama futi 7 kwa upana ama kimo. Futi 7 ni kama mita 2.1. Mathree ya 14 yenye paa la juu inapita hapo, kwa hivyo hata dere wa Rongai angewekwa karatasi kwa kioo. Na kwa sababu barabara nyingi za huo mji ni nyembamba kuliko futi 40, sheria ya upana wa barabara ikawa sheria ya karibu mji mzima.

2021 mawakili wa haki za raia wakaenda kortini kwa niaba ya wakazi wa hizo RV. 2022 pande mbili zikakubaliana: jiji libaki na angalau maili 3 za barabara, karibu kilomita 5, ambako magari makubwa yanaweza kupaki. Kilomita tano, mji mzima. Jiji pia liko na viwanja vya usiku ambako mtu wa gari anaruhusiwa kulala bila kusumbuliwa, na nafasi hazitoshi wote.

Halafu tarehe 28 Juni 2024 ikaja ile kubwa. Mahakama ya Juu, majaji sita kwa watatu, ikaamua kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon. Huko, wakati huo, ukilala nje kwenye ardhi ya umma ulikuwa unapigwa faini ya dola 295, na usipolipa ilikuwa inapanda. Waliolalamika walisema kumuadhibu mtu asiye na kwake kwa sababu amelala ni adhabu ya kikatili, kitu katiba imekataza. Mmoja wao alikuwa analala ndani ya van yake. Mahakama ikasema hapana, mji unaruhusiwa. Tangu hapo miji mingi imepata nguvu mpya ya kusukuma watu, wakiwemo wa magari. Na mtu akisukumwa kutoka barabarani, mahali pekee halali panapobaki ni kambi, ambayo ndiyo hiyo iko na kalenda ya siku 28.

Hata baada ya moto

Kuna watu wanadhani hizi sheria hulegea watu wakiwa na shida ya kweli. Paradise, California, inakuonyesha ni nusu tu. Moto wa 8 Novemba 2018 uliua watu 85 na kuteketeza karibu mji wote. Watu wakarudi na RV, wakataka kupaki kwenye ploti zao wenyewe, ardhi yao, wakisubiri kujenga. Baraza likawaruhusu. Halafu shirika la serikali kuu la majanga likaonya: kama watu wanaweza kuishi juu ya majivu, basi huo uchafu si hatari ya dharura, na pesa ya kuuondoa inaweza kukosekana. Februari 2019 baraza likageuza ruhusa yake kwa ploti ambazo hazijasafishwa. Watu waliokuwa wamepoteza nyumba wakaambiwa waondoe gari kwa shamba lao wenyewe.

Ukiniuliza, baraza lilikuwa limebanwa ukutani, na hayo majivu yalikuwa na sumu kweli. Lakini hebu fikiria kuwa upande ule wa mlango.

Kule jangwani

Kuna mahali mambo ni tofauti. Quartzsite, Arizona, ni kamji kadogo kwa jangwa ambako kila msimu wa baridi RV zinamiminika kwa maelfu. Kama uliona filamu ya Nomadland, ile ilishinda Oscar ya filamu bora 2021, umeona hayo maisha. Ardhi kubwa pale ni ya serikali kuu, na tangu 1983 kuna maeneo maalum ambayo unalipia kibali kimoja unakaa kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Kwa miaka mingi kibali kilikuwa dola 180 kwa hiyo miezi saba. Ndio, bei ya chini hivyo. Lakini hakuna soketi ya kuchomeka stima, na 15 Aprili ikifika lazima utoke, maana joto la Arizona linakuja na halina huruma. Kwa ardhi nyingine ya aina hiyo, nje ya hayo maeneo, kawaida ni siku 14 halafu unahama.

Kwa hivyo cuzo wako akiwa bado anataka, asianze na bei ya gari. Aanze na kupiga simu ofisi ya mipango ya kaunti aulize kambi anayoitaka imeruhusiwa kukaa watu siku ngapi, kwa sababu mwenye kambi anaweza kukubali kitu ambacho kibali chake hakikubali, na siku kaunti ikija anayehama ni mpangaji. Aulize pia umri wa gari. Kambi nyingi zinakataa RV iliyozidi miaka 10, na hiyo mara nyingi ni sera ya mwenyewe tu, ya kuchuja watu, hautaipata kwa sheria. Ile RV ya bei ya kutupa aliyoona mtandaoni inaweza kuwa ya 2009, na hapo ndio atajua kwa nini ilikuwa ya kutupa.

Na kila akilipa, achukue risiti yenye tarehe na namba ya nafasi. South Dakota, msafiri wa RV anaweza kutumia risiti ya usiku mmoja wa kambi kama sehemu ya ushahidi wa kupata leseni ya dere ya hilo jimbo. California, risiti za miezi tisa mfululizo ndizo zitamfanya aitwe mkazi siku ile mwenye kambi atasema hajawahi kumwona. Azipige picha pia, kwa sababu hizo karatasi za mashine zikikaa kwa dashibodi kwa jua, wino unafutika.